Shepherdia, Kichaka cha Majani ya Fedha

Katika bara la Marekani ya Kaskazini, tangu Alaska iliyo jirani na ncha ya dunia hadi kwenye majabali mekundu ya Utah na Arizona, huota jenasi ya vichaka ambavyo huonekana kwa mbali viking'aa rangi ya fedha. Kwani majani yake, na hususan upande wa chini, yamefunikwa na magamba madogo mno, yasiyobainika vyema ila kwa kioo cha kukuzia, ambayo huurudisha ukali wa jua kabla haujalichoma jani, na kuuzuia unyevu uliomo usipotelee hewani. Wataalamu wa mimea huiita jenasi hiyo Shepherdia, jina alilolitia kitabuni mwaka 1818 Thomas Nuttall, Mwingereza aliyezunguka sana Marekani akitafuta mimea, kwa kumtukuza John Shepherd, msimamizi wa bustani ya mimea ya mji wa Liverpool. Spishi zake ni tatu tu, lakini katika uchache huo mna habari ya kumshughulisha mtu umri wake mzima, na nia yangu ni kuieleza sehemu yake ile inayonivuta zaidi, nayo ni jinsi mmea uzoeao ardhi fukara unavyogeuka kuwa riziki ya wengi.

Spishi iitwayo argentea ndiyo iliyojaaliwa fedha kuliko wenzake. Ina miiba mikali, huweza kupita kimo cha mita 4, na maskani yake ni kandokando ya mito ya nyanda kubwa za majani, kama vile Missouri, ambako Lewis na Clark, waliotumwa na serikali ya Marekani kutafuta njia ya kuifikia bahari ya magharibi, waliupata mmea huo mwaka 1804 na kuuchukulia sampuli. Matunda yake ni mekundu na madogo, makali ulimini mpaka yapigwe na baridi ya kwanza ya majira ya majani kupukutika, hapo ndipo utamu unapojitokeza. Na wenyeji wa nyanda zile waliyatumia tangu zamani kuungia nyama ya nyati. Spishi nyingine, rotundifolia, haipukutishi majani yake kamwe, nayo imejitenga katika jangwa la mawe la kusini magharibi, ikining'inia hata kwenye kuta za magenge. Lakini iliyoenea zaidi, na ambayo ndiyo hasa madhumuni ya maneno yangu, ni canadensis: kichaka kisicho na miiba, aghalabu cha kimo cha mtu au pungufu, ambacho jani lake ni la kijani juu, na chini ni la fedha iliyochanganyika na madoadoa ya rangi ya kutu. Hiki utakikuta toka Alaska hadi Newfoundland, na kusini hukwea milima hadi New Mexico.

Siri ya uhai wa vichaka hivi imo chini ya ardhi. Hakuna mmea usiohitaji naitrojeni, maana bila hiyo haifanyiki protini wala ile rangi ya kijani ya majani. Na ingawa hewa tuivutayo ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, mimea hukaa katikati ya utajiri huo pasi na uwezo wa kuugusa, kwa kuwa chembe zake zimefungamana mbilimbili kwa fundo ambalo mmea wenyewe hauna nguvu ya kulifungua. Shepherdia imepata wa kuifungulia. Bakteria aitwaye Frankia, akaaye udongoni, huingia katika mizizi yake na kuifanya iote vinundu, na humo ndani hulifungua fundo lile na kuifanya naitrojeni kuwa kitu cha kulika, naye akalipwa sukari ambayo majani yameitengeneza kwa nuru ya jua. Wanasayansi walihangaika miaka mingi wakijaribu kumtenga bakteria huyo na kumlea nje ya mzizi, wasifaulu mpaka mwaka 1978, na hata hapo walimtoa katika mmea wa jamii nyingine kabisa.

Msomaji wa mwambao wetu ana mfano wa jambo hili karibu naye. Mvinje unaopandwa fukweni nao una mapatano ya namna hiyo hiyo na Frankia, na kwa sababu hiyo, ulipojaribiwa miaka ya 1970 katika machimbo ya mawe ya saruji ya Bamburi, karibu na Mombasa, mahali palipokuwa hapana udongo ila mwamba wa matumbawe uliochimbwa ukabaki uchi, ulishika na kusimama, ilhali miti mingi mingine iliyopandwa pamoja nao ilikufa. Shepherdia hufanya kazi hiyo katika nchi za baridi. Huota juu ya kokoto zilizoachwa na mito iliyohama, juu ya changarawe zilizofunuliwa na barafu iliyorudi nyuma, na kwenye miteremko iliyoungua moto. Na majani yake yaangukapo na kuoza, huiacha ndani ya udongo ile naitrojeni iliyochumwa hewani, hata miti mikubwa ijayo baadaye ikakuta ardhi imekwisha kutayarishwa.

Vichaka hivi vina dume na jike, yaani kimoja huwa na maua ya kiume tu na kingine ya kike tu, na dume hazai hata tunda moja maishani mwake. Maua ni madogo, ya rangi ya manjano hafifu, hayana petali, nayo hufunguka mapema sana katika majira ya kuchipua, mara nyingi majani yenyewe hayajakunjuka, wakati ambapo nzi na nyuki wa kwanza wanatoka wakiwa na njaa na hawana pengine pa kwenda. Hao ndio wachukuao chavua toka kwa dume kuipeleka kwa jike. Kwa hiyo mtu atakaye matunda bustanini sharti apande wote wawili wakiwa jirani, na asimng'oe yule asiyezaa kwa kumdhania kuwa ni mgumba.

Matunda ya canadensis ni mekundu, pengine ya manjano, nayo ni machungu kwa sababu ya saponini, dawa ya asili itoayo povu inapochanganywa na maji. Watu wa sehemu za ndani za jimbo la British Columbia nchini Kanada, kama Wasecwepemc na Wanlaka'pamux, wameligeuza povu hilo kuwa chakula cha heshima. Hutandika mikeka au nguo chini ya kichaka, wakayapiga matawi kwa fimbo hata matunda yakaporomoka, kisha huyatia katika chombo pamoja na maji kidogo na kuyapiga kwa nguvu, kama mwoka keki apigavyo ute wa yai, mpaka povu zito la rangi ya waridi likainuka na kujaza chombo. Chombo hicho sharti kiwe safi kabisa, maana alama ya mafuta ikiwamo, hata ile iliyoachwa na kidole, povu halisimami. Zamani walilipiga povu hilo kwa kifungu cha majani au cha magome ya mti na kulila kwa vijiko vya mbao vilivyochongwa mahsusi kwa kazi hiyo. Siku hizi hutiwa sukari kuupunguza uchungu, na halikosekani katika karamu. Matunda yalikaushwa pia, yakawa bidhaa ya kubadilishana na makabila ya pwani ambako kichaka hiki ni adimu.

Lakini hakuna kiumbe anayekitegemea kichaka hiki kuliko dubu. Dubu wa grizli akaaye pwani ya Alaska hupata samaki wa samoni wapandao mito kwa wingi, ila yule akaaye ndani ya Milima ya Rocky, katika hifadhi ya Banff nchini Kanada, hana neema hiyo. Mwanzoni mwa mwaka huchimba mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, baadaye hula majani mabichi na wanyama awawezao, akitimiza siku. Na matunda ya Shepherdia yaivapo, toka mwisho wa Julai hadi Septemba, huacha karibu kila shughuli nyingine, akawa hushinda vichakani akiyavua matawi kwa midomo yake, matunda na majani pamoja. Wasimamizi wa hifadhi ile hukadiria kwamba dubu mmoja aweza kula matunda yapatayo 200,000 kwa siku. Hula hivyo kwa sababu ana wiki chache tu za kujiwekea mafuta yatakayomhifadhi pangoni miezi mitano au zaidi, asile wala asinywe.

Na kwa jike jambo ni zito zaidi. Yeye hupandwa mwanzoni mwa majira ya joto, lakini yai lililorutubika halijishikizi katika mji wa mimba mara moja, bali huelea humo, likingoja, mpaka Novemba au karibu yake. Ikiwa mama amenenepa, mimba hushika na watoto huzaliwa katikati ya baridi, ndani ya pango; ikiwa matunda yalikuwa haba na mwili wake umebaki mkavu, mimba hiyo haiendelei. Dubu wa milima ile huzaa kwa nadra, miaka mitatu au zaidi ikipita kati ya uzazi mmoja na mwingine, kwa hiyo mwaka mmoja wa matunda mabaya hupunguza kizazi ambacho hakirudishwi upesi. Naye dubu hulipa deni lake pasipo kujua, kwa kuwa mbegu hupita matumboni mwake zikiwa salama na kuangushwa mbali na mama yao.

Kichaka hiki hupenda jua. Msitu wa misonobari ukishafunga juu yake, huendelea kuishi kivulini lakini huacha kuzaa kwa wingi, hata upite moto wa kuutoboa msitu. Nacho, ingawa huungua, huchipua tena kutoka kwenye shina lililo chini ya udongo. Wenyeji wa asili walilijua hilo na walikuwa wakiichoma milima kwa hesabu. Serikali zilizokuja baadaye zilihesabu kila moto kuwa ni adui, zikauzima kwa muda mrefu wa karne ya 20, na malisho ya dubu yakafunikwa kidogo kidogo na vivuli. Palipobaki na jua la kutosha, kwa bahati mbaya, ni palipofyekwa na binadamu, yaani kandokando ya barabara kuu, reli na kambi za watalii, na huko ndiko dubu walikofuata matunda na kukutana na mauti. Leo watunzaji wa Banff huving'oa vichaka vilivyo karibu na makazi na njia za watu, huku wakichoma kwa makusudi sehemu za misitu ya mbali ili jua lishuke tena. Na kwa rai yangu hiyo ni sera ya haki, kwa maana haimnyang'anyi dubu chakula chake pasipo kumtengea kingine.

Isidhaniwe kwamba kila mmea wa nasaba hii ni hidaya popote uwekwapo. Shepherdia ina akraba wawili. Mmoja ni Hippophae wa Ulaya na Asia, ambaye Wachina wamempanda kwa wingi kuushika udongo wa nyanda zao zinazomomonyoka. Wa pili ni Elaeagnus, ambaye spishi yake moja, angustifolia, ililetwa Marekani kutoka Asia na Ulaya ya mashariki, ikahimizwa ipandwe kuwa kizuizi cha upepo mashambani, kwani ilikuwa nzuri, yenye fedha, isiyoogopa ukame, tena yenye vinundu vya Frankia. Ikatoroka mashambani kwa msaada wa ndege walao matunda yake, ikashuka mitoni, ikastahamili hata kivuli cha mipopla ya asili na kushika nafasi ya miche yake, na naitrojeni yake ikaingia katika mito ambayo viumbe vyake havikuwa na haja nayo. Colorado na New Mexico zimeihesabu rasmi kuwa gugu, na watu hutumwa kuikata kando ya mito.

Kazi hiyo inataka macho makini, kwa kuwa kando ya mito hiyo hiyo husimama Shepherdia argentea, yenye fedha na miiba vilevile, na ngome ya ndege wajengao viota ndani yake. Mkataji afikapo mbele ya kichaka havutwi na matunda wala rangi. Hulishika tawi na kutazama jinsi majani yalivyopangwa. Yakiwa yameachana, moja huku na jingine mbele kule, huyo ndiye mgeni, na msumeno hupita. Yakiwa yametoka mawili mawili kwa kukabiliana, ni Shepherdia, na kichaka huachwa.