Butembo-Beni: Giga ngapi zinatosha ndani ya simu?

Mjini Butembo, na vilevile Beni, neno giga lina maana tatu, na anayenunua simu bila kuzitofautisha anaweza kulipa pesa za bure. Kuna giga za intaneti, zinazonunuliwa kwa Airtel, Vodacom ao Orange. Kuna giga za RAM, zinazosaidia simu kufanya kazi haraka. Halafu kuna giga za kuhifadhi picha, video na programu. Hizi ndizo zikiisha, simu inaandika kwamba nafasi imejaa.

Wengi wa wakaaji hutumia WhatsApp, Facebook na kamera. Kutuma pesa kwa namba za M-Pesa ao Airtel Money hakuchukui nafasi yoyote. Picha moja ya kamera ina mega 3 hivi, kwa hiyo picha 2000 ni kama giga 6 tu. Kwenye simu ya giga 32, Android na programu zilizokuja nayo zinakula sehemu kubwa kabla mwenyewe hajapiga picha hata moja. Giga 64 zinamtosha mtu wa kawaida. 128 ni za yule anayerekodi video nyingi, maana dakika moja ya video safi inapita mega 100.

Mnunuzi aangalie pia boksi. Likiandikwa RAM 8, na kando yake 4+4 kwa herufi ndogo, zile 4 za pili zimekopwa kwenye nafasi ya kuhifadhi.

Lakini kinachojaza simu za huku ni vikundi vya WhatsApp. Kila shambulio linaleta video zake, zingine za zamani ao za nchi nyingine kabisa, na video moja inafika kupitia kikundi cha mtaa, cha kanisa na cha familia. Simu ikiachwa ipakue yenyewe, inakula giga za intaneti na za kuhifadhi kwa pamoja. Kuzuia hilo ni kazi ya dakika moja katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya uhifadhi na data. Hapo hapo panaonekana kikundi gani kina mzigo mkubwa zaidi.

Hatari ni kufuta kwa haraka. Kwa waliokimbia kusini mwa Lubero baada ya M23 kuteka Kanyabayonga mwezi wa 6, 2024, ao waliokimbia ADF vijijini Beni, simu ndiyo kabati: ndani yake mna picha ya kadi ya uchaguzi, ya diploma ya Serikali, ya karatasi za shamba. Hizo zitumwe kwanza kwa ndugu aliye mji mwingine. Google inatoa giga 15 bure, ila tangu 2024 nakala za WhatsApp za Android zinahesabiwa humo.

Kadi ya memori inasaidia pia, lakini WhatsApp haihifadhi humo yenyewe. Ni mwenye simu anayepaswa kuzihamisha picha kwa mkono.