Ufunguo, Daftari na Spana: Wanawake Wanaosimamia Maji Vijijini

Uongozi wa maji kijijini hukaa katika vitu vitatu vidogo: ufunguo wa pampu, daftari la michango na spana. Mwenye ufunguo huamua kisima kifunguliwe saa ngapi. Mwenye daftari hujua nani amelipa na nani wa kuvumiliwa mwezi huu. Mwenye spana ndiye anayefanya pampu iliyokwama asubuhi itoe maji jioni, badala ya kungoja fundi wa kutoka mbali kwa wiki tatu. Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki vitu hivyo vimekuwa vya wanaume kwa muda mrefu, ilhali kuteka maji ni kazi ya wanawake.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2023 ilieleza kwamba kati ya kila kaya 10 zisizo na maji nyumbani, 7 hutegemea wanawake na wasichana kuyateka. Mtungi wa lita 20 ukijaa, maji yake pekee yana uzito wa kilo 20, na familia ya watu sita haitoshelezwi na mtungi mmoja. Safari hizo huzaa ujuzi ambao hauandikwi popote. Mtekaji anajua kisima kipi huingia chumvi wakati wa kiangazi, kipi hukauka saa sita mchana na kujaa tena usiku, na njia ipi haifai kupitwa na msichana peke yake magharibi ikiingia. Kamati ya maji isiyomsikiliza mtu huyu huchimba kisima mahali pasipofaa, kisha hushangaa kukikuta hakina watu.

Mfano unaofundisha zaidi katika eneo hili ni wa Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Mwaka 1983 Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, walianzisha huko mradi wa kujaribu pampu za mkono. Mwanzoni ulikuwa mradi wa vyuma tu: kufunga pampu, kuzipima, kuandika kilichovunjika. Wanakijiji walizitumia kama mali ya wageni. Ndipo likaingizwa Shirika la Maji kwa Afya la Kenya, maarufu kwa jina la KWAHO, lililokuwa na mizizi katika vikundi vya wanawake na ambalo mkurugenzi wake alikuwa Margaret Mwangola. Watumishi wa KWAHO walikwenda kukaa na wanakijiji, wakazungumza na wanawake kwanza, kisha wazee. Polepole swali likageuka: si pampu gani idumu tena, bali nani wa kuitunza.

Majibu ya maswali hayo mawili yalikutana katika pampu iitwayo Afridev, iliyorekebishwa hatua kwa hatua kutokana na majaribio ya Kwale na ya Malawi. Pampu za awali zilikuwa na mabomba ya chuma. Kubadilisha mpira mmoja uliochakaa kulimaanisha kung'oa mabomba yote kisimani, kazi ya watu wengi wenye nguvu, vifaa vizito na gari la idara. Afridev iliundwa kwa mawazo mengine. Bomba lake la plastiki hubaki kisimani. Pistoni ndiyo inayovutwa juu, ikipita ndani ya bomba hilo, kwa fito za chuma zinazounganishwa kwa kulabu. Bushi za mkono wa pampu ni za plastiki, huchomolewa na kuwekwa nyingine. Spana moja hutosha kwa karibu kazi yote ya kawaida, na pampu huweza kuvuta maji kutoka kina cha hadi mita 45.

Urahisi huu wa chombo husahauliwa na wanaopenda semina. Mwanamke akifundishwa ufundi wiki nzima, kisha akakabidhiwa mashine inayohitaji wanaume wanane kuifungua, cheti chake kitabaki ukutani. Kwale, chombo chenyewe kilirahisishwa hadi wanawake wawili watatu wakaweza kukihudumia kabla ya kwenda kupika chakula cha mchana.

Kila pampu ilikuwa na kamati yake, na uwekaji hazina ulikabidhiwa wanawake. Sababu inayotajwa sana ni kwamba wanawake ni waaminifu zaidi. Sifa hiyo ni nzuri kuisikia, ila haielezi mengi. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba hasara ya michango humrudia mwanamke mwenyewe: senti za vipuri zikiliwa, ndiye atakayerudi kwenye dimbwi la zamani na mtungi kichwani. Tena wengi walikwishazoea kushika fedha za wenzao katika vikundi vya kuchangiana.

Madaftari ya michango yalidumu kuliko ilivyotarajiwa. Miaka mingi baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikusanya kumbukumbu za malipo ya visima vya Kwale, nyingine zikienda nyuma zaidi ya miaka 20. Zilionyesha kwamba watu hawakatai kulipa kwa ukaidi tu. Panapokuwa na maji ya chumvi, au kisima kikiwa mbali, michango hulegea. Mvua ikinyesha vilevile, kwa kuwa maji ya bure yapo. Kulipia kila mtungi huleta fedha zaidi kuliko mchango wa mwezi, na pampu hutengenezwa upesi, lakini baadhi ya kaya hurudi kwenye maji yasiyo salama ili kuepuka malipo. Mweka hazina anayemjua kila mjane na kila mgonjwa wa kijiji hukabili mizani hiyo kila siku, bila kuhitaji grafu.

Usafi hufuata maji, ingawa kwa mwendo wa pole. Maji safi yakiingia katika mtungi mchafu, kuhara hakuishi. Kwa sababu hiyo, kamati nyingi huunganisha usimamizi wa pampu na ukaguzi wa vyoo, mahali pa kunawa mikono na vyombo vya kuwekea maji. Ardhi ya kichanga ya pwani huporomosha shimo la choo lisilojengewa ukuta, na wataalamu hushauri choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Suala la hedhi lilikaa kimya kwa miaka mingi, hasa kwa sababu wajumbe wengi wa kamati hawakuwa na haja ya kulijua. Mwaka 2017 Kenya ilirekebisha sheria ya elimu ili wasichana wa shule wapewe sodo bure, lakini sodo bila maji, mlango wenye komeo na mahali pa kutupa ni msaada nusu.

Mipaka ya mafanikio haya iko wazi. Katiba ya Kenya ya 2010 inataja haki ya maji safi katika kifungu cha 43, na kifungu cha 27 kinataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Orodha za wajumbe wa kamati za maji hutimiza hesabu hiyo kwa urahisi. Ugumu uko kwingine. Mkutano ukiitishwa saa ya kupika, wanawake hufika wakati uamuzi umekwisha. Kisima kikichimbwa katika shamba la mtu bila mkataba wa maandishi, mwenye shamba anaweza kukifunga siku akikasirika, na mashamba mengi yako katika majina ya wanaume. Mke kijana huketi nyuma na kunyamaza mbele ya mama mkwe wake, hata kama ndiye anayeteka maji mengi kuliko wote.

Kuna pia suala la ujira. Kufagia kisima, kukusanya michango na kukaza nati kumehesabiwa kuwa kazi ya kujitolea. Sasa vijiji vingi vinaingia katika pampu za sola, mabomba na vioski, na kazi ileile inaanza kuwa na mshahara, mkataba na jina la fundi. Mwanamke aliyeshika spana bure kwa miaka 15 anastahili kuwa wa kwanza kuitwa kazi hiyo inapotangazwa.