Bia ya mtama, ndege na ushuru

Kwa miongo mingi bia ya viwandani Afrika Mashariki ilitegemea shayiri. Kiwanda cha Ruaraka, Nairobi, kilianza mwaka 1922, cha Dar es Salaam kikafuata miaka ya 1930, na mashamba ya shayiri yakaenea penye baridi: Narok, Timau, Kilimanjaro Magharibi. Mkulima wa Kitui au wa Teso, mwenye jua kali na mvua za kubahatisha, hakuwa na nafasi katika soko hilo.

Jinja, Uganda, ndiko mambo yalikogeuka. Mwaka 2002 Nile Breweries ilitoa Eagle, bia ya mtama wa Epuripur uliozalishwa na watafiti wa Serere. Miaka miwili baadaye Kenya ikapata Senator, bia ya bei nafuu iliyokuja kuuzwa kwa kegi, ambayo nayo ilihamia kwenye mtama baadaye. Unafuu huo ulitokana na ushuru. Uganda ilipunguza ushuru wa bia inayotumia nafaka ya nyumbani. Kenya iliisamehe Senator ushuru kwa sababu pombe haramu yenye methanoli ilikuwa ikiua watu na kuwapofusha wengine.

Kupika bia ya mtama si kazi rahisi. Shayiri ikilowekwa na kuachwa iote, hutoa vimeng'enya vya kutosha kuugeuza wanga wake kuwa sukari, ambayo hamira huila na kutoa kileo. Mtama una upungufu wa kimeng'enya kimoja muhimu, na wanga wake hulainika kwenye joto kubwa kuliko wa shayiri. Kwa hiyo huchemshwa kwanza, kisha huongezewa vimeng'enya vilivyotengenezwa viwandani.

Iko pia tanini, inayoupa mtama mwekundu ukakasi. Tanini hudhoofisha vimeng'enya, ndiyo maana viwanda hutaka mtama wenye tanini kidogo, kama Epuripur au Gadam. Lakini ukakasi huohuo ndio unaowapunguzia ndege hamu. Kwelea kwelea wakishuka kwenye shamba la mtama usio na ukakasi, jasho la msimu mzima huliwa kwa siku chache, na familia hushinda shambani kuwafukuza, watoto wakiwamo. Sifa ambayo kiwanda kinaitaka, mkulima ndiye anayeigharimia. Naamini bei ya mkataba inapaswa kuihesabu kazi hiyo ya kuamia ndege, maana bila kazi hiyo hakuna mtama wa kupeleka kiwandani.

Hatari nyingine hutoka kwenye bajeti ya serikali. Mwaka 2013 Kenya ilipoondoa nusu ya msamaha wa ushuru, bei ya Senator ilipanda, wanywaji wakaikimbia, mauzo yakaporomoka. Kiwanda kikapunguza ununuzi wa mtama, na wakulima waliokwisha kupanda wakakosa pa kuupeleka. Mwaka 2015 sehemu kubwa ya msamaha ilirudishwa, na mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu kikafunguliwa upya kwa ajili ya bia hiyo ya kegi.

Mwekezaji mkubwa anaweza kuvumilia msukosuko wa mwaka mmoja au miwili. Mwenye ekari mbili za Gadam hawezi: mtama huo hukomaa kwa takriban miezi mitatu, na mbegu zikishafukiwa harudi nyuma. Serikali ikitaka kugusa ushuru huu, itoe taarifa kabla ya msimu wa kupanda, na mabadiliko yaanze baada ya mavuno.