Unga wa mgao utaisha lini? Piga hesabu siku ya kwanza

Iwe unaishi Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, siku za mwisho kabla ya mgao unazijua. Swali ni je, unaweza kuziona mapema?

Chukua familia iliyopata kilo 36 za unga kwa siku 30, na inapika kilo moja na nusu kila siku. Jioni ya siku ya kwanza zimebaki 34.5, ya pili 33, ya tatu 31.5. Tofauti ni ileile kila siku, kwa hiyo huna haja ya kuandika siku zote. Zidisha idadi ya siku kwa 1.5, kisha toa kwenye 36. Jioni ya siku ya 10 zitabaki kilo 21. (Ukipima asubuhi kabla ya kupika, hesabu siku 9, si 10. Wengi hukosea hapo.) Siku ya 24 gunia ni tupu, na bado siku sita.

Siku sita ni kilo 9. Ukikopa dukani na kulipa kwa unga wa mgao ujao, angalia kinachofuata. Mgao wa pili unalipa 9, unabaki na 27. Mahitaji ni 45, kwa hiyo unakopa 18. Mgao wa tatu unabaki na 18, wa nne 9, wa tano sifuri: gunia zima linatoka kwenye foleni kwenda dukani. Na hapo mwenye duka hajaongeza hata gramu moja ya faida.

Hesabu haiongezi unga, na hatusemi watoto wale kidogo. Lakini kilo 9 ukizigawa kwa siku 30 ni gramu 300 kwa siku. Kutafuta gramu 300 kwa kibarua au kwa mboga za bustanini tangu siku ya kwanza ni kazi nyepesi kuliko kutafuta kilo 9 siku ya 24.

Kama mgao wenu ni fedha, weka shilingi mahali pa kilo. Nawe mwenyeji, hesabu hii inafaa pia kwa gunia la mavuno linalosubiri msimu ujao.

Pima unga uliobaki kila baada ya siku tano. Ukiwa pungufu kuliko hesabu, labda wageni wamekuja au kopo la kupimia limebadilika. Anza hesabu upya kwa kilo zilizopo.