Mlio wa Kugotagota Katika Injini ya Dizeli

Daktari awekaye chombo chake cha kusikilizia juu ya kifua cha mgonjwa hafanyi jambo lililo tofauti sana na la fundi makanika ainamaye juu ya injini, ncha ya bisibisi ndefu ikiwa imegusa chuma na mpini wake ukiwa umeegemezwa sikioni. Wote wawili hutafuta, ndani ya kitu kilichofungwa, chanzo cha sauti isikikayo nje. Chombo cha daktari kilianzia Paris mwaka 1816, pale René Laennec alipokunja karatasi ikawa kama mwanzi, akaiweka kifuani mwa mgonjwa na kusikia mapigo ya moyo kwa uwazi zaidi kuliko alivyozoea. Bisibisi ya fundi haina tarehe inayojulikana, lakini kanuni yake ni ile ile.

Miongoni mwa sauti ziwatiazo hofu wenye pikapu za dizeli, imo ile ndogo, kavu na ya haraka: ta-ta-ta-ta, ikienda kasi kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Huenda chanzo chake kikawa skrubu moja iliyolegea, kazi ya saa chache kwa fundi mwenye vifaa vya kawaida. Huenda kikawa beringi ya kono la pistoni inayokwisha, ambayo ikiachwa kwa safari moja zaidi ya kupanda mlima na mzigo yaweza kulivunja kono hilo, nalo likatoboa ubavu wa injini. Kwa mtu ambaye pikapu yake hubeba viazi au maziwa kwenda sokoni, tofauti ya mambo hayo mawili ni tofauti ya gharama ndogo na kupoteza riziki. Hata hivyo, katika gereji nyingi uamuzi hufanywa kwa kubahatisha: hubadilishwa nozeli, kisha pampu, kisha kitu kingine, mpaka mlio unyamaze au fedha ziishe. Hakuna haja ya kubahatisha. Mlio ni kipimo, nao husomwa kama kipimo kingine chochote.

Kelele iliyo halali

Kwanza yafaa ieleweke kwamba injini ya dizeli yenye afya nayo hugonga. Haina plagi za kuwashia kama injini ya petroli. Hewa husindikwa ndani ya silinda mpaka ujazo wake uwe kiasi cha sehemu moja ya kumi na nane ya ule wa mwanzo, nalo joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Ndipo dizeli hunyunyizwa. Lakini matone ya dizeli hayawaki papo hapo. Kuna kitambo kifupi mno cha kungoja, na katika kitambo hicho mafuta huzidi kurundikana. Yanapowaka, huwaka kwa mkupuo, kanieneo hupanda ghafla, na chuma hulia kama kilichopigwa nyundo. Asubuhi ya baridi kitambo hicho hurefuka, na kelele huzidi. Kwa sababu hiyo swali la kwanza ni kama mlio umebadilika, na tangu lini. Kwamba injini inalia si jibu la kitu. Dereva aliyeizoea gari yake ni shahidi bora kuliko fundi aliyeisikia siku hiyo.

Kuhesabu kabla ya kufungua

Injini ya pikapu hufanya kazi kwa hatua nne: kufyonza hewa, kuisindika, kuunguza mafuta, na kutoa moshi. Katika hatua hizo nne mhimili mkuu, yaani kranki, huzunguka mara mbili, lakini kemshafti, mhimili unaofungua vali, huzunguka mara moja tu. Kila vali hufunguka mara moja, na kila nozeli hunyunyiza mara moja.

Chukuliwe injini inayonguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 750 kwa dakika. Kranki yake huzunguka mara 12.5 kwa sekunde, na kemshafti mara 6.25. Basi mlio unaotoka kwenye vali moja iliyolegea utasikika kila baada ya sekunde 0.16, hali mlio wa kitu kinachogonga katika kila mzunguko wa kranki utasikika kila baada ya sekunde 0.08. Sikio halihesabu vizuri kwa kasi hiyo, lakini simu ya mkononi yenye programu ya kurekodi na kuchora mawimbi ya sauti huhesabu bila taabu. Wanafunzi wenye simu, gari la shule na ruhusa ya mwalimu wanaweza kupima umbali kati ya vilele viwili vya mchoro na kupata jibu kwa hesabu ya kugawanya.

Jibu hilo halimalizi shauri. Mlio wa nusu ya mwendo wa kranki waweza kuwa wa vali au wa nozeli, kwa kuwa zote hufuata mwendo mmoja. Hata beringi ya kono la pistoni yaweza kugonga kwa nguvu zaidi katika ule mzunguko wenye mlipuko, ikamdanganya msikilizaji. Hesabu hupunguza idadi ya washukiwa. Kumtaja mwenye hatia ni kazi ya majaribio yafuatayo.

Hapo ndipo bisibisi inapohitajika. Mara nyingi husemwa kwamba hufanya kazi kwa sababu sauti husafiri haraka katika chuma, kiasi cha meta 5,000 kwa sekunde, ikilinganishwa na meta 340 hivi katika hewa. Maelezo hayo si sahihi, kwani haraka hiyo haimsaidii msikilizaji chochote. Sababu ni kwamba sauti iliyomo ndani ya chuma ikifika mpaka wa hewa, karibu yote hurudishwa ndani. Bisibisi huipatia njia ya kitu kigumu kitupu, kutoka chuma cha injini hadi mfupa ulio karibu na sikio. Fundi huihamisha ncha kutoka silinda moja hadi nyingine, nguo na nywele zikiwa mbali na feni na mikanda, na mahali mlio unapokuwa mkali kuliko pengine ndipo palipo karibu na chanzo.

Kuwatenga washukiwa

Mshukiwa aliye rahisi kuachiliwa ni kifaa kilicho nje ya injini. Dizeli haina mvuto wa hewa wa kutosha katika bomba lake la kuingizia hewa, hivyo breki huhitaji pampu yake ya kufyonzea, ambayo katika pikapu nyingi imefungwa nyuma ya altaneta. Pampu hiyo hugota ikichakaa. Mkanda ukiondolewa na injini ikawashwa kwa muda usiofika dakika moja, mlio ukitoweka, shauri limekwisha. Muda usizidi hapo, maana aghalabu mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji.

Moshi unaovuja nao hugota kama chuma. Ukivujia kwenye gasketi ya ekzosi, mlio huwa mkali injini ikiwa baridi, na hupungua joto linapotanua chuma na kuziba ufa. Ukivujia chini ya nozeli, penye washa ya shaba, alama yake ni masizi meusi yaliyoganda kuizunguka; matone ya maji ya sabuni yakidondoshwa hapo hutoa mapovu.

Wakibaki vali, nozeli na beringi, kuna jaribio moja la zamani lenye hekima kubwa. Injini ikiwa inanguruma, nati ya bomba la mafuta la nozeli ya kwanza hulegezwa kidogo, mafuta yakamwagika nje badala ya kuingia silindani. Silinda hiyo haitawaka. Kisha nati hukazwa, na ya pili hulegezwa, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Mlio wa vali hautajali, kwa sababu vali hufunguka na kufunga mafuta yakiwapo yasiwepo. Mlio wa nozeli inayonyunyiza vibaya hutoweka. Mlio wa beringi hupungua sana, kwa kuwa kono halisukumwi tena na mlipuko. Nao kwa kawaida huwa mzito zaidi, huzidi gari linapovuta mzigo, na mara nyingi huambatana na kushuka kwa kanieneo ya oili. Gari lenye dalili hizo lisiendeshwe hata kurudi nyumbani.

Onyo kuhusu jaribio hili halina budi kutiliwa mkazo. Linafaa kwa injini zenye pampu ya zamani ya kimakanika peke yake, na hata huko fundi avae miwani na asiweke mkono mbele ya mafuta yanayoruka. Injini zilizoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ambazo nozeli zake zote hulishwa na bomba moja la pamoja chini ya amri ya kompyuta, huwa na kanieneo inayopita mara 1,000 ya ile ya hewa. Mchirizi wake hutoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini, jeraha ambalo huonekana dogo na huweza kumgharimu mtu mkono wake. Katika injini hizo hakuna nati ya kulegezwa injini ikiwaka.

Mlio usipojali kulegezwa kwa nati, kifuniko cha vali hufunguliwa. Kati ya vali na kifaa kinachoisukuma huachwa uwazi kwa makusudi, kwa kuwa chuma hutanuka. Vali ya chuma yenye urefu wa milimita 100, joto lake likipanda kwa wastani wa nyuzi 300, hurefuka kwa kiasi cha milimita 0.36. Hedi ya silinda nayo hutanuka na kufidia sehemu ya urefu huo, lakini si wote. Injini ya Isuzu 4JA1, iliyo katika pikapu nyingi, hutaka uwazi wa milimita 0.40 injini ikiwa baridi, nao hurekebishwa kwa spana, bisibisi na fila geji. Toyota 3L hutaka milimita 0.20 hadi 0.30 kwa vali za kuingizia hewa, na 0.40 hadi 0.50 kwa zile za kutolea moshi, ambazo hupata joto zaidi. Huko hakuna skrubu, bali vibamba vya unene mbalimbali vinavyobadilishwa. Zipo pia injini zinazojirekebisha zenyewe kwa nguvu ya oili, na hizo zikigota huchunguzwa oili kwanza.

Hapa ndipo penye kosa lililoua injini nyingi. Fundi hukaza skrubu mpaka mlio uishe kabisa, mwenye gari akafurahi na kulipa. Lakini vali iliyokosa uwazi haifungi sawasawa injini ikipata joto. Vali hupoza kichwa chake kwa kukaa juu ya kiti chake. Isipokaa vema, joto halina njia ya kutoka, na moto hupenya pembeni mwake mpaka ukingo wake uungue. Vali iliyolegea hupiga kelele ikiomba msaada. Vali iliyobana hufa kimya.

Kwa hiyo fundi mwangalifu huandika daftarini namba zote nane alizozikuta kabla ya kurekebisha, pamoja na kilometa za gari, na hufanya hivyo kila mara. Vali ambayo uwazi wake huongezeka haraka kila inapopimwa ina kitu kinacholika: roka, au kamu ya kemshafti. Vali ambayo uwazi wake huzidi kupungua inazama katika kiti chake. Hiyo haitatoa mlio wowote, na kuirekebisha tena na tena hakutaizuia; hedi haina budi kufunguliwa.