Kuifunga Redio Garini: Kazi ya Mikono na Amana ya Familia



Juma hili nawaomba radhi wasomaji wetu wapendwa niiweke kando mada niliyoahidi, niwasimulie jambo lililotupata nyumbani kwetu. Nalisimulia kwa sababu kila nyumba yenye gari yaweza kupatwa nalo, na kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Mama mkwe wangu anaishi Malindi. Macho yake yamepungua nuru, na tangu mwaka juzi hawezi tena kusoma msahafu. Mwanamke aliyekuwa akikhitimu kila mwezi sasa anategemea masikio. Kila mwezi huja Mombasa kwa tabibu wake wa macho, na kurudi kwake huwa ni jukumu langu: kiasi cha kilomita 120, yeye kiti cha nyuma pamoja na wajukuu, na mke wangu mbele. Ombi lake ni moja tu, asikilizishwe Qur'ani njiani.

Ombi dogo, lakini gari letu lilikuwa halilitimizi. Ni Toyota RAV4 iliyotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini kwetu, na kama magari mengi ya huko, ilikuja na redio yake. Redio hiyo hushika masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, kwani ndiyo yaliyokuwa yakitumika Japani kwa miaka mingi. Vituo vyetu vya Kenya viko baina ya 87.5 na 108. Tuliponunua gari, tuliuziwa kidude cha kubadili masafa, kinachopachikwa baina ya antena na redio. Hicho hupunguza namba: kikiondoa megahezi 20, kituo cha 103 husomeka 83. Lakini hakiwezi kuleta vituo vyote, maana nafasi ya redio ile ni finyu. Chetu kilileta vya kuanzia 96 kwenda juu. Radio Rahma, ambayo hapa Mombasa husikika kwenye 91.5, hatukuipata. Na hata tulivyovipata vilianza kukoroma tulipokaribia Kilifi.

Zawadi kutoka Marekani

Mwezi wa Shaabani shemeji yangu aishiye Columbus, Ohio, alikuja kutuzuru. Alituletea zawadi ndani ya boksi: redio ya setilaiti ya kufunga garini, pamoja na antena yake ndogo yenye sumaku ya kunasa juu ya paa. Akatueleza kwamba huko kwao husafiri majimbo matatu na sauti isikatike. Nilifurahi mno. Nikawaambia hata majirani barazani kwamba sasa mama atasikiliza Qur'ani mpaka mlangoni pake Malindi.

Sisi watu wa Mji wa Kale twajua kwamba vichochoro vyetu havipitishi gari, na letu hulazwa Ngomeni. Hapo ndipo mimi na kijana wangu, aliye kidato cha nne, tulipokaa asubuhi nzima na bisibisi. Kioo cha redio kikawaka, lakini sauti haikuja. Tukaenda Mama Ngina, penye bahari na mbingu wazi, tukangoja saa nzima. Kimya. Jioni kijana akaniambia kwa adabu: "Baba, setilaiti za redio hii zinaelekezwa Amerika ya Kaskazini. Huku kwetu matangazo yake hayafiki."

Nilisikitika, kisha nikakumbuka kwamba Afrika ilitangulia katika jambo hili. Mzaliwa wa Ethiopia, Noah Samara, ndiye aliyeasisi kampuni ya WorldSpace, na setilaiti yake iitwayo AfriStar ilirushwa Oktoba 1998. Ilikaa angani kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mwaka uliofuata ikaanza kulitangazia bara letu, kabla Wamarekani hawajapata redio yao ya setilaiti. Hapa Kenya vilikuwepo vipokezi vyake, na wenye navyo waliviweka penye mbingu wazi, kwani antena haikupenda kuzibwa na ukuta. Lakini wanunuzi hawakutosha gharama. Oktoba 2008 kampuni iliomba hifadhi ya kufilisika mahakamani, na baadaye matangazo yakazimika. Kwa hiyo, ndugu zangu, akija jamaa na kifaa cha namna hii, mshukuruni kwa nia yake, kisha mwulize kwanza: matangazo yake yanafika Mombasa?

Kosa langu

Hapo nikaazimia kununua redio ya kawaida inayofika 108 na yenye tundu la flashi, ili tutiapo kisomo ndani yake kisitegemee mawimbi ya angani. Huo ulikuwa uamuzi sahihi. Kosa likaja katika kuifunga.

Muuza duka alinishauri ninunue na soketi ya kuunganishia, inayooanisha waya za redio mpya na zile za Toyota bila ya kukata chochote. Bei yake ilikuwa shilingi mia chache. Nikaona ni ujanja wa muuzaji. Kijana wangu akasema, "Baba, tuichukue." Nikamjibu kwamba waya ni waya.

Waya wa njano wa redio ndio unaotaka umeme wakati wote ili kumbukumbu zake zisifutike. Mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa, na mweusi huenda kwenye bodi ya gari. Kwa kuwa sikuwa na soketi, nilichukua waya mrefu, nikaupitisha kwenye tundu la bati hadi kwenye betri, nikaufunga pale moja kwa moja. Fyuzi sikuweka, na tundu lile sikulivisha mpira. Redio ikalia vizuri sana. Nikajiona fundi.

Jumamosi tukaondoka na mama. Tulipovuka daraja la Nyali alikuwa akifuatisha Suratu Yasin kwa sauti ya chini, na wajukuu wametulia. Tulipopita Mtwapa mke wangu akasema, "Baba watoto, nasikia harufu ya kuungua." Nikamwambia ni moshi wa lori lililo mbele yetu. Lori likaingia kando, nasi tukaendelea. Baada ya dakika chache akasema tena, safari hii kwa mkazo: "Simamisha gari. Mama yangu yumo, na watoto wamo."

Nikasimama. Moshi ulikuwa umeanza kutoka chini ya dashibodi. Mke wangu akawashusha watoto, akamshika mama yake mkono na kumpeleka chini ya mnazi, mbali na barabara. Mimi nikafunua boneti na kufungua kichwa hasi cha betri kwa spana, na mikono yangu ikitetemeka. Moshi ukakoma. Alhamdulillahi, hakuna aliyedhurika. Mama, asiyeona vyema yanayotendeka, aliuliza tu: "Mbona kisomo kimekatika, mwanangu?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Fundi wa umeme wa magari aliitwa kutoka Mtwapa, kijana mdogo kuliko wanafunzi wangu wengi. Akanionyesha ukingo wa bati ulivyoukereza waya mpaka shaba ikagusa bodi ya gari. "Sheikh," akasema, "fyuzi huwekwa kwa ajili ya waya. Ikiwa karibu na betri, waya ukigusa bati hukatika fyuzi, si gari kuungua." Mimi ninayewahimiza watu misikitini wawaulize wenye ujuzi katika lile wasilolijua, sikuuliza. Na aliyenionya nilimsikia mara ya kwanza, nikamdharau. Nilitafuta njia ya kumfanya mama asikie, na mimi mwenyewe sikutaka kusikia. Jioni ile nilimwomba mke wangu msamaha mbele ya mama yake na watoto, ili kijana wangu ajue kwamba baba naye huomba msamaha.

Mambo ya kuzingatia

Tuliirudia kazi juma lililofuata, fundi akisimama pembeni na kijana wangu akifanya kwa mikono yake. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, kabla ya kugusa waya wowote, zimeni gari na mfungue kichwa hasi cha betri, na kiwe cha mwisho kurudishwa.

Pili, nunueni soketi ya kuunganishia inayolingana na gari lenu. Kwa soketi hiyo, redio hupata umeme kwenye waya za gari zenye fyuzi tayari.

Tatu, mkilazimika kuvuta waya kutoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, yenye kipimo kilichoandikwa kwenye maelezo ya redio. Ikikatika, tafuteni sababu. Msiweke kubwa zaidi, wala msiifunge kwa karatasi ya sigara kama wafanyavyo wengine.

Nne, kila waya upitao kwenye bati uvishwe mpira, na maungio yafunikwe vyema kwa tepu ya umeme.

Tano, waya na soketi za njano za mifuko ya hewa ya usalama msiziguse. Hizo ni za fundi aliyesomea.

Sita, nawahusia kina dada na kina mama, kwani wengi wenu ndio mnaowapeleka watoto madrasa na shule: jueni lilipo sanduku la fyuzi na namna ya kufungua betri. Na mkisikia harufu ya kuungua, msikubali kuambiwa ni moshi wa lori.

Mtu kujifanyia kazi kwa mkono wake ni jambo la heshima, na kijana ajifunzapo kwa babake hupata zaidi ya ufundi. Lakini garini mna roho za watu, nazo ni amana kwa yule ashikaye usukani na kwa yule ashikaye bisibisi.

Mwezi uliopita tulimrudisha mama Malindi. Tulivuka Kilifi, tukaupita msitu wa Arabuko-Sokoke, na kisomo hakikukatika. Tulipofika mlangoni pake nilitaka kuzima gari. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Ngoja, mwanangu, sura imebaki aya chache." Tukangoja sote mpaka ikaisha.

Wabillahi tawfiq.