Chupa ya jamu iwe taa ya uani, isiwe ajali ya mtoto

Jamu ikiisha, chupa huoshwa na kuwekwa. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Chupa ya soda inarudi dukani, lakini ya jamu, mayonezi, asali au siagi ya karanga haina pa kurudi. Inakaa juu ya kabati la jikoni, kabati likijaa inahamia nyuma ya nyumba, na huko inasubiri mvua.

Siku hizi chupa hizo zimepata kazi mpya. Picha zinazozunguka kwenye simu zinazionyesha zikining'inia kwenye mwembe au kando ya ukuta, ndani yake vitaa vidogo vinamemeta. Kwa mzazi ni pambo la bei nafuu, na kwa watoto ni kazi ya mikono ya Jumamosi mchana ambayo matokeo yake yanaonekana usiku uleule.

Ni jambo zuri, na halihitaji fundi. Lakini picha nyingi haziwaonyeshi mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeokota kila kitu na kukitia mdomoni, wala mshumaa unaoachwa ukiwaka watu wakienda kulala. Hatari ya taa hizi iko kwenye kile kinachowekwa ndani ya chupa na kwa anayeachwa karibu nayo.

Anza kwa kuziokota

Hata kabla ya kuwa taa, chupa iliyotupwa uani ina madhara. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, anapenda kutaga kwenye vyombo vidogo vyenye maji karibu na makazi ya watu: makopo, matairi, vifuu vya nazi na chupa. Maji ya kujaa kifuniko kimoja tu yanaweza kumtosha. Kukiwa na joto, yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau milipuko ya dengue ya mwaka 2014 na 2019.

Mayai ya mbu huyu hunata kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa pakavu kwa miezi mingi yakisubiri mvua. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chupa iliyokaa nje isuguliwe ndani kwa brashi na sabuni, kisha ikaushwe.

Wakati wa kuosha, tenga zenye nyufa au mdomo uliomeguka. Hizo hazifai. Zifunge kwenye gazeti, zitie kwenye boksi na kumweleza mzoa taka kuwa ndani mna vioo, asije akajikata.

Mahitaji

Kwa taa moja unahitaji chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko, vitaa vya waya mwembamba ambavyo wengi huviita taa za krismasi, waya laini kama ule wa kufungia nondo, koleo, msumari, msasa na silikoni ya kuzibia.

Vitaa viko vya aina mbili. Vya kwanza hutumia betri, na vya pili vina kijisahani cha sola. Kwa nyumba yenye watoto na kwa taa itakayokaa nje, sola ndiyo chaguo bora. Mchana kijisahani huchaji betri iliyo ndani, na giza likiingia kihisi cha mwanga huwasha taa zenyewe. Balbu zake za LED hazipati moto kama mshumaa, na hakuna waya wa kuvuta kutoka kwenye soketi ya sebuleni hadi nje. Waya wa namna hiyo, ukinyeshewa na kukanyagwa, ni hatari nyingine.

Hatua kwa hatua

1. Loweka chupa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni hadi karatasi itoke. Usimimine maji yanayochemka kwenye chupa baridi, kwani kioo cha kawaida hupasuka joto likibadilika ghafla. Gundi ikibaki, paka mafuta ya kula yaliyochanganywa na baking soda, iache dakika chache, kisha sugua.

2. Ukitaka mwanga mpole wenye rangi, changanya gundi nyeupe na rangi kidogo ya chakula, paka ndani ya chupa na uiache ikauke kabisa. Rangi hii haipendi maji, kwa hiyo isipakwe nje.

3. Mtu mzima atoboe kifuniko kwa msumari na kulainisha kingo za tundu kwa msasa. Bati la kifuniko hukata kama wembe.

4. Pitisha waya wa vitaa kwenye tundu, balbu moja baada ya nyingine, na uuache ujikunje wenyewe ndani ya chupa. Kisahani cha sola kibaki nje.

5. Ziba tundu kwa silikoni na uiache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake. Kifuniko kisichozibwa hupitisha maji, na ukishakuwa na chupa yenye maji uani umerudi kwa mbu.

6. Zungusha waya wa nondo mara mbili chini ya mdomo wa chupa, ukaze kwa koleo, kisha tengeneza mkono wa kuning'iniza. Ncha za waya zikunjwe kwa ndani zisichome mtu.

7. Ning'iniza mahali ambapo mtoto hafiki na mtu mzima hagongi kichwa. Kisahani cha sola kielekee juani, kisiwe chini ya kivuli cha mti.

Watoto nao wana sehemu yao. Wa miaka minane anaweza kubandua karatasi na kupaka rangi. Wa miaka mitano anaweza kuchagua rangi na kusema taa ikae wapi. Msumari, bati na koleo ni vya mzazi, na anayetambaa akae na mtu mwingine mpaka sakafu ifagiliwe.

Betri ndogo, hatari kubwa

Vitaa vingi vya bei rahisi hutumia betri za duara, bapa kama sarafu, zile ambazo wengi huziita betri za saa. Hapa ndipo mzazi anapaswa kuwa makini kuliko kote.

Mtoto akimeza betri hiyo na ikanasa kwenye umio, umeme wake hukutana na unyevu wa mwilini na kutengeneza kemikali kali inayounguza nyama. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Hatari zaidi ni zile za lithiamu zenye upana wa milimita 20, kwa sababu ni pana kiasi cha kunasa kwenye koo dogo. Hata betri iliyokwisha, ambayo haiwashi tena taa, inaweza kubaki na nguvu ya kuunguza.

Dalili zinaweza kufanana na za mafua au tumbo: mate kutiririka, kukohoa, kutapika, kukataa chakula, kulalamika kifua. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni. Kama unashuku kuwa mtoto amemeza betri, usisubiri kuona kama itatoka chooni. Mpeleke hospitali yenye mashine ya eksirei mara moja na umwambie mhudumu wazi kwamba unadhani ni betri, kwa sababu kwenye picha inaweza kudhaniwa ni sarafu.

Usimtapishe. Miongozo ya kituo cha sumu cha National Capital Poison Center cha Marekani inasema mtoto aliyezidi miezi 12, anayeweza kumeza, na aliyemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, apewe asali vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani kwenda hospitali. Asali hupunguza kasi ya kuungua, lakini haiondoi betri, kwa hiyo isiwacheleweshe kuondoka. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Ukilazimika kutumia vitaa vya betri, nunua vyenye mfuniko unaofungwa kwa skrubu na bisibisi. Betri zilizokwisha zifunikwe kwa selotepu pande zote mbili na kuwekwa mbali na watoto hadi zitakapotupwa.

Mshumaa na mafuta ya taa

Umeme ukikatika, chupa ileile ya pambo hushawishi kutiwa mshumaa. Inawezekana, kwa masharti. Weka mchanga chini, mshumaa usimame katikati, chupa iwe ya mdomo mpana isiyo na kifuniko, na ikae juu ya kitu kisichoungua, mbali na pazia na chandarua. Chupa hupata moto, hivyo isishikwe na mtoto. Mtu wa mwisho kutoka mahali hapo azime.

Mafuta ya taa yasitiwe ndani yake. Tangu mwaka 2014, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kaya ziache kutumia mafuta ya taa kwa sababu ya moshi wake na hatari ya moto na sumu. Kioo kikipasuka, mafuta yanayowaka humwagika na kusambaa kwa kasi. Mtoto naye akiona kimiminika kwenye chupa aliyozoea kuiona na jamu, anaweza kunywa. Akinywa, usimtapishe, kwani mafuta yakiingia kwenye mapafu hufanya hali iwe mbaya zaidi. Mkimbize hospitali.

Vivyo hivyo, achana na video zinazofundisha kukata chupa kwa uzi uliolowekwa mafuta na kuwashwa moto. Chupa ya jamu haihitaji kukatwa.

Kwa mujibu wa WHO, majeraha ya moto huua watu wanaokadiriwa kufikia 180,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtu akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi ya bomba, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali, hasa akiwa mtoto mdogo au akiwa ameungua uso, mikono au sehemu za siri. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kioo kikivunjika

Waondoe watoto kwanza, hasa waliopekua. Vaa viatu, okota vipande vikubwa, fagia, kisha pitisha kitambaa au karatasi iliyolowa kukusanya vile vidogo visivyoonekana. Aliyekatwa abanwe jeraha kwa kitambaa safi. Kipande kilichozama kisichomolewe nyumbani. Bana pembeni yake na umuwahishe hospitali.

Taa zikishawekwa, zikaguliwe mara moja kwa wiki, hasa kipindi cha mvua. Waya bado umekaza? Kifuniko kimefunga? Kuna maji ndani? Mpe mtoto mkubwa kazi ya kuzihesabu kila Jumamosi na kukuita akiona iliyolegea. Chupa iliyopungua itafutwe ilipoangukia siku hiyohiyo, kabla mdogo wake hajaifikia.